Mkiachana, mtoto atalala wapi Jumatano?

Wazazi wakiachana, watu wazima huuliza nani kakosea. Mtoto haulizi hivyo. Anataka kujua Jumatano atalala wapi, nani atamsuka Jumapili jioni, kama ataendelea na shule ileile, na baiskeli itabaki kwa nani. Mtoto anayetulia baada ya talaka ya wazazi mara nyingi ni yule aliyejibiwa maswali hayo mapema, na majibu yasibadilike kila wiki. Anayevurugika, kinachomvuruga zaidi ni ugomvi usiokwisha, ule uliohama kutoka sebuleni ukaingia kwenye simu, naye akafanywa tarishi wake.

Sheria tunazozitaja humu ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya 2011. Kenya ina Sheria ya Watoto ya 2022, na Katiba yake ya 2010, ibara ya 53, inampa mtoto haki ya kulelewa na baba na mama kwa wajibu ulio sawa, wawe walioana au hawakuoana. Mambo ya nyumbani ni yaleyale kote.

Kabla ya kumwambia

Msimwambie mtoto kabla ninyi wenyewe hamjaamua. "Huenda tukaachana" ni maneno yanayomkosesha usingizi kwa miezi. Lakini msingoje pia mpaka siku gari la mizigo linapofika mlangoni. Wiki moja hadi mbili kabla ya mmoja kuhama inatosha kwa mtoto wa shule ya msingi. Kwa wa miaka mitatu au minne, siku tatu nne, maana wiki mbili kwake ni kama mwaka. Kijana wa sekondari aambiwe mapema zaidi, kwa kuwa kwa kawaida ameshajua.

Kwanza kaeni ninyi wawili, au kwa njia ya mtu mnayemwamini wote, muandike majibu ya haya: nani anahama na anahamia wapi; mtoto analala wapi siku za shule; atamwona mzazi mwingine siku gani na saa ngapi; nani analipa ada, nani nauli; nani anampeleka hospitali akiugua usiku; na vitu vyake vipi vinahama. Mkikwama kwenye moja, andikeni "bado", na mtoto aambiwe hivyohivyo: "Hilo bado hatujalimaliza, tutakuambia Jumapili." Halafu Jumapili mwambieni kweli.

Wakati mzuri ni Jumamosi asubuhi baada ya chai. Ana siku mbili za kulia, kuuliza na kununa kabla ya kukabili darasa. Usiku haufai, wala wiki ya mitihani, wala sikukuu. Kikao cha wazee nacho hakifai: mtoto akikalishwa mbele ya wajomba na mashangazi wanane ataitikia kila kitu, na hatauliza hata kimoja. Waambieni watoto wote pamoja, kisha kila mmoja apate muda wake peke yake siku hiyohiyo.

Maneno yenyewe

Yawe machache. Kwa mtoto mdogo: "Baba na mama hawataishi tena nyumba moja. Baba atakaa Mbagala, wewe na mama mtabaki hapa. Kila Jumamosi baba atakuja kukuchukua. Wewe hukufanya kosa lolote. Baba ni baba yako, mama ni mama yako, hilo halibadiliki." Kisha nyamazeni. Kimya hicho ndicho kinachomtolea swali la kwanza.

Sentensi ya "hukufanya kosa" irudieni tena na tena, hata kama haonekani kuihitaji. Mtoto chini ya miaka saba au minane huamini kwamba mambo hutokea kwa sababu yake. Kama aliwasikia mkigombana kuhusu ada au kuhusu kuvunjika kwa televisheni, tayari ameshajihukumu.

Kuna maneno matatu yanayoharibu kuliko mengine. La kwanza ni "baba amesafiri". Linasemwa kwa huruma, lakini mtoto anahesabu siku za safari, anamwekea baba kipande cha keki, mpaka siku anapoambiwa ukweli na mtoto wa jirani bombani. Hapo amepoteza mambo mawili: baba wa nyumbani, na imani kwa aliyemwambia. La pili ni "sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii", anaambiwa mvulana wa miaka kumi. Ni sifa inayombebesha mzigo wa mtu mzima. La tatu ni "unamtaka nani, mimi au mama yako?" Msimuulize hivyo, hata kwa utani. Mtoto anaweza kuulizwa anapenda ratiba iweje. Asiulizwe achague mzazi.

Sababu ya kuachana isimezwe wala isimwagwe. "Tumeshindwa kuelewana kwa muda mrefu, tumejaribu, imeshindikana" inatosha. Habari za nyumba ndogo, madeni na ulevi si za mtoto. Kijana mkubwa akishayaona mwenyewe, msimwambie ameota, mwambie, "Ni kweli uliyoyaona, lakini hayo ni ya kwetu sisi wakubwa kuyamaliza."

Kwa Waislamu, eda, yaani muda ambao mke anangoja baada ya talaka kabla ya kuolewa tena, inaweza kumsaidia mtoto sana ikifuatwa kama ilivyofundishwa. Qur'ani, sura ya 65, imekataza mke kutolewa nyumbani katika muda wa eda, nao kwa mwenye hedhi ni tohara tatu au hedhi tatu kwa tofauti za madhehebu, kwa asiyepata hedhi miezi mitatu, na kwa mjamzito mpaka ajifungue. Katika talaka rejea, ile ambayo mume anaweza kumrudia mke kabla eda haijaisha, muda huo unampa mtoto nafasi ya kuzoea akiwa bado chini ya dari analolijua. Kinachotokea mitaani ni kinyume: talaka inaandikwa asubuhi, jioni masanduku ya mama yapo barazani na watoto wanatazama. Picha hiyo haifutiki haraka.

Utakachokiona, kwa umri

Mtoto wa chini ya miaka mitatu haelewi habari, anaelewa harufu, sauti na saa ya kula. Atang'ang'ania nguo, atakataa kulala. Dawa yake ni utaratibu uleule na sura zilezile. Huu si wakati wa kumbadilisha dada wa kazi.

Wa miaka mitatu hadi sita hurudi nyuma. Aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena, aliyeanza kuongea vizuri anadeka kama mtoto mchanga. Msimchape wala kumcheka mbele ya wenzake. Mpunguzie vinywaji jioni, mwamshe aende chooni kabla nawe hujalala, weka nailoni chini ya shuka, na hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki kadhaa mambo yakitulia.

Wa miaka saba hadi kumi na mbili ndiye wa kumwangalia sana, kwa sababu anaonekana yuko sawa. Huyu hupanga mipango ya kuwapatanisha: anajifanya mgonjwa ili mje wote hospitali, au anafeli makusudi. Wengine wanachagua upande na kumchukia mzazi mmoja kabisa. Tumbo linalouma kila Jumatatu asubuhi bila homa lipelekwe kwa daktari mara moja. Likionekana halina ugonjwa, lichukuliwe kama lugha yake ya kusema.

Kijana wa sekondari anakasirika, anatoka sana, au anageuka mshauri wa mama usiku wa manane. Hili la mwisho watu hulisifu: "Mwanangu ndiye rafiki yangu." Mtafutie mama rafiki wa umri wake, mtoto huyo ana mtihani wa Kidato cha Nne.

Ratiba

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Ratiba ifuate umri na umbali kwanza; haki ya kila mzazi ije baadaye.

Mtoto mchanga hadi miaka mitatu anahitaji kumwona mzazi asiyeishi naye mara nyingi kwa muda mfupi: saa moja au mbili, mara mbili tatu kwa wiki, mchana. Wikiendi nzima mara moja kwa mwezi haimfai. Mwezi ni mrefu mno kwa kumbukumbu yake, na kila safari ataanza upya kumwogopa baba yake. Kama bado ananyonya, ratiba inazunguka kunyonya.

Mtoto wa shule ya msingi, mkiishi mji mmoja, mpango unaofanya kazi kwa wengi ni huu: siku za shule kwa mzazi mmoja, wikiendi ya pili na ya nne kwa mwingine, jioni moja ya katikati ya wiki, na likizo za Juni na Desemba zigawanywe nusu kwa nusu. Mmoja akiwa Dar es Salaam na mwingine Mwanza, wikiendi haziwezekani. Badala yake ziwe likizo, pamoja na simu ya siku na saa maalumu, tuseme Jumatano na Jumapili saa moja usiku. Simu iwe ya mtoto: mzazi anayeishi naye ampe, atoke chumbani, asimnong'oneze cha kusema.

Chora kalenda ya mwezi kwenye karatasi ngumu, siku za mama rangi moja, za baba nyingine, ibandikwe ukutani pale mtoto anapolala. Nyumba zote mbili ziwe nayo. Mtoto asiyejua kusoma ataihesabu kwa rangi.

Makabidhiano ndiyo mahali ugomvi unapolipukia, kwa hiyo punguzeni kukutana mlangoni. Baba amchukue shuleni Ijumaa na amrudishe Jumapili saa kumi na moja jioni, si saa tatu usiku. Lazima upatikane muda wa kuoga, kula, kufua sare na kukagua madaftari. Kama hamuongei kabisa, mtumie bibi, au mkutane baada ya ibada kanisani au msikitini, palipo na watu. Ukichelewa, toa taarifa kabla ya saa uliyoahidi. Mtoto aliyevaa viatu saa nne asubuhi akakaa kibarazani mpaka saa nane bila mtu kuja, anahesabu. Bora uahidi mara mbili kwa mwezi uje mara mbili, kuliko uahidi kila wiki uje unapojaliwa.

Kwenye begi: sare na viatu vya shule, madaftari, dawa na maelezo ya kuzimeza yaliyoandikwa, nakala ya kadi ya bima ya afya, na kile anacholalia, hata kama ni kanga iliyochakaa. Mswaki, nguo za kulalia na ndala ziwepo nyumba zote mbili, ili asijione mgeni kwa mzazi wake. Nguo aliyonunuliwa na baba ni ya mtoto, ivaliwe popote. Kumvua mtoto gauni mlangoni kwa kuwa "limetoka kwa yule mwanamke" ni kumpiga yeye.

Akirudi, usimhoji. "Mlikula nini, nani alikuwepo, mama yako ana simu mpya?" yanamfundisha kupeleleza, kisha kudanganya pande zote mbili. Saa ya kwanza atakuwa amenuna au mkali. Huo ni uchovu wa kuhama dunia moja kwenda nyingine, si ushahidi kwamba ameteswa huko. Chakula na maji ya kuoga vitangulie. Alama za kupigwa, maumivu sehemu za siri, au hofu kubwa ya kumkaribia mtu fulani ni jambo jingine, nalo haliachwi mpaka kesho.

Matunzo: pigeni hesabu, msikisie

"Nitatuma nikipata" si makubaliano. Chukueni karatasi. Hesabu ya mfano kwa mtoto mmoja kwa mwezi: chakula 100,000, sehemu yake ya kodi ya nyumba 40,000, nauli na pesa ya shule 30,000, sabuni, mafuta na kusuka au kunyoa 20,000. Jumla 190,000. Sare, viatu, madaftari na michango ya mwaka, tuseme 360,000, gawanya kwa 12 upate 30,000. Sasa ni 220,000. Kama baba anapata 900,000 na mama 300,000, mapato yao ni tatu kwa moja. Baba atoe 165,000 na mama 55,000. Matibabu ya ghafla muyapangie fungu lake.

Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, wajibu wa kwanza wa matunzo uko kwa baba. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitaka mahakama itazame mapato ya wazazi wote wawili na gharama za maisha za eneo husika. Kifungu cha 26 cha sheria hiyo kinampa mtoto haki ya kuendelea kutunzwa na kusomeshwa kwa kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla wazazi hawajaachana.

Tarehe iwe moja, siku mbili baada ya mshahara. Tuma kwa simu ili ujumbe ubaki, au benki. Ada lipa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Mwendesha bodaboda au mama wa genge asipangiwe mwezi, apangiwe wiki. Mkulima apangiwe kwa msimu, na gunia la mahindi lihesabiwe kwa bei ya siku hiyo na kuandikwa.

Makosa mawili yanarudi kila mara. Moja ni kumtuma mtoto: "Mwambie baba yako ada imefika." Lingine ni kubadilishana: asiyetuma hela haoni mtoto, au anayenyimwa mtoto hatumi hela. Kuonana na mzazi na kutunzwa ni haki mbili za mtoto, na moja haikatwi kufidia nyingine. Asiyetuma ashtakiwe kwa kutotuma.

Ile habari ya miaka saba

Hakuna jambo lililozaa vurugu nyingi kama imani kwamba mtoto akitimiza miaka saba baba anakuja kumchukua. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinaanza na dhana kwamba ni vema mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama yake. Dhana hiyo inaweza kupinduliwa kwa ushahidi, na palepale mahakama inaambiwa iangalie ubaya wa kumsumbua mtoto kwa kumbadilisha mlezi. Baada ya miaka saba dhana inaondoka tu. Haigeuki kuwa haki ya baba. Linalobaki juu ya yote ni ustawi wa mtoto. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Mtoto kinaongeza umri na jinsia yake, maoni yake kama ameyatoa kwa hiari, umuhimu wa ndugu kukaa pamoja, na malezi kutokatizwa. Kwa hiyo kuvizia siku ya kuzaliwa na kumchukua mtoto shuleni kwa nguvu ni kosa, na mbele ya hakimu kunamharibia aliyefanya hivyo.

Njia yenyewe ni hii. Shauri linaanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, la kata au la dini linalotambuliwa. Likishindwa kuwapatanisha linatoa cheti, na maombi ya talaka yafunguliwe mahakamani kabla cheti hicho hakijapitisha miezi sita. Katika maombi hayohayo ombeni mambo matatu kwa maneno yake: mtoto akae na nani, mwingine amwone lini, na matunzo kiasi gani. Wengi huandika talaka na mgawanyo wa mali tu, kisha wanarudi mwaka unaofuata kwa ajili ya mtoto.

Kwa matunzo na malezi peke yake, anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Nenda na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hati ya ndoa au talaka kama ipo, risiti za shule, na namba ya simu ya mzazi mwingine. Makubaliano yaandikwe, yasainiwe na wote. Yakivunjwa, Mahakama ya Watoto ndiyo inayofuata. Afisa akija nyumbani kuandaa taarifa, usimkaririshe mtoto. Mtoto anayesema "mama ni mlevi na hana maadili" kwa sauti ya wakili anamchoma aliyemfundisha. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Shule na ukoo

Mwalimu wa darasa aambiwe katika wiki ya kwanza, kwa sentensi mbili, bila simulizi. Muachieni namba zote mbili za simu na orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Ombeni ripoti itolewe nakala mbili.

Bibi akimchukua mtoto kijijini "mpaka mambo yatulie", wekeni tarehe ya kurudi na mpango wa simu. Bila hivyo mambo hayatulii, na mtoto anapoteza wazazi wawili badala ya nyumba moja. Msiwagawe ndugu, wavulana kwa baba na wasichana kwa mama, labda pawe na sababu nzito. Shangazi na mama wadogo waambiwe waziwazi: mbele ya mtoto, mzazi wake hasemwi. "Umefanana na baba yako kwa ukaidi" inaonekana ndogo, lakini imetukana nusu ya mtoto.

Mwenza mpya

Asionekane kabla ratiba haijashika, na asiwe mgeni wa kila mwezi mwenye sura tofauti. Wakutane kwanza nje, kwa muda mfupi, bila kulala. Msimlazimishe mtoto kuita "mama" au "baba"; anti, mjomba, au jina la mtoto wa huyo mtu, kama Mama Neema, vinatosha mpaka mwenyewe aamue. Mwaka wa kwanza, kuadhibu kubaki kwa mzazi. Mwenza mpya akumbushe tu kanuni za nyumba.

Pasipo na usalama

Kama ndoa ilivunjika kwa vipigo, mengi ya hapo juu kuhusu kukaa wawili hayakuhusu. Ripoti Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, makabidhiano yafanyike kupitia mtu wa tatu, na uiombe mahakama mtoto aonwe mbele ya msimamizi. Mtoto akizungumzia kufa, akijiumiza, akiacha kula, au hali yake ya mwanzo ikizidi mwezi bila kupungua, piga 116, namba ya simu kwa mtoto, bila malipo, Tanzania na hata Kenya; au nenda hospitali ya wilaya uulize huduma ya afya ya akili.

Ratiba ikaguliwe kila Januari, shule zinapofunguliwa. Iliyomfaa wa miaka mitano haimtoshi wa kumi na mbili mwenye mpira Jumamosi na madrasa au kipaimara. Na mahafali ya darasa la saba yakikaribia, mwambieni wiki moja kabla: mama atakaa upande huu, baba upande ule, picha itapigwa na mama kwanza kisha na baba, na nani anarudi naye nyumbani.